KIMA CHA CHINI CHA MSHAHARA: NANI HUKILIPA?

Kila mara Serikali inapotangaza kima kipya cha chini cha mshahara, sauti mbili husikika kwa pamoja. Wafanyakazi husema kwamba haki imechelewa lakini imefika. Wenye biashara husema kwamba sasa hawana budi kupunguza watu au kufunga milango. Kisha kodi ya chumba hupanda, nauli hupanda, na mwisho wa mwaka kila upande hudai kuwa mambo yalivyotokea yamethibitisha maneno yake.

Swali hili limerudi tena mezani. Siku ya Mei Mosi ya mwaka 2025, mjini Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka Shs. 370,000/- hadi Shs. 500,000/- kwa mwezi, kuanzia Julai ya mwaka huohuo. Oktoba 2025 likatangazwa agizo la mishahara ya sekta binafsi, la kuanza kutumika Januari 1, 2026, ambalo wastani wake ulipanda kutoka Shs. 275,060/- hadi Shs. 358,322/-. Kada aliye katika tawi, na mwanafunzi anayesomea uchumi, ataulizwa: Je, nyongeza hii ni ushindi wa mfanyakazi, au ni mzigo utakaoziua biashara?

Sisi tunasema kwamba swali likiulizwa hivyo halijibiki. Mshahara ni sehemu ya kile kilichozalishwa. Sehemu hiyo ikiongezwa, ama kilichozalishwa kimeongezeka, ama kuna mtu mwingine ambaye sehemu yake imepunguzwa. Kwa hiyo swali sahihi ni hili: nyongeza hii inatoka katika fungu la nani? Huenda ikatoka katika faida ya mwajiri, katika mfuko wa mnunuzi, katika jasho la mfanyakazi mwenzake aliyebaki kazini, katika maisha ya yule aliyeachishwa kazi, au katika mapato ya mkulima. Historia ya nchi yetu imejibu swali hili zaidi ya mara moja, na kila mara jibu lilikuwa tofauti. Ni wajibu wetu kuisoma historia hiyo kabla ya kufungua midomo.

1. Mshahara wa mtu asiye na familia

Katika Tanganyika ya wakoloni mshahara haukupangwa kwa kuangalia mahitaji ya mfanyakazi. Ulipangwa kwa dhana kwamba Mwafrika anayekuja mjini au kwenye shamba la mkonge ni mgeni wa muda. Mkewe na watoto walihesabiwa kuwa wanalishwa na shamba lao kijijini. Kwa hiyo alilipwa kiasi cha kumweka hai yeye peke yake, akiwa na nguvu za kurudi kazini kesho yake. Gharama ya kumzaa, kumlea na kumtunza uzeeni ilibebwa na mama mkulima wa Kigoma, wa Songea, wa Njombe au wa Singida, bila kulipwa hata senti moja na kampuni iliyofaidika.

Mashamba ya mkonge yaliyoanzishwa baada ya Dkt. Richard Hindorf kuuleta mmea huo Tanga mwaka 1893 yalijengwa juu ya msingi huo. Watu waliajiriwa kutoka mbali, na tangu mwaka 1944 ofisi iliyojulikana kama SILABU ndiyo iliyowakusanya na kuwasafirisha. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Alifanya kazi kwa kipande: siku 30 za kazi zilizokamilika ndizo zilizolipwa mshahara wa mwezi, hata kama kuzikamilisha kulichukua zaidi ya mwezi wa kalenda. Posho ya unga na maharagwe ilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo.

Mabwana wa mashamba walikuwa na nadharia yao pia. Walisema kwamba Mwafrika ana mahitaji machache. Ukimwongezea mshahara atafikia lengo lake mapema na kurudi kwao, kwa hiyo mshahara mkubwa huleta kazi ndogo. Msomaji aitazame nadharia hii kwa makini. Mtu analipwa kidogo mno kiasi kwamba hawezi kuishi kazini na familia yake. Kwa sababu hawezi kuishi nayo, anarudi kwao. Halafu kule kurudi kwake kunatolewa kuwa ushahidi kwamba hastahili kulipwa zaidi!

Nadharia hiyo ilianza kuvunjwa na wafanyakazi wenyewe. Mwezi Januari 1947 Mombasa ilisimama kwa mgomo mkuu. Septemba ya mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukaenea kwa wafanyakazi wengine. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja. Wakoloni walianza kutambua kwamba bandari na reli haziwezi kuendeshwa na watu wa kupita. Nchini Kenya tume ya mwaka 1954 iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza mshahara uhesabiwe kwa mahitaji ya mtu mwenye familia. Pendekezo hilo halikutokana na huruma. Lilitokana na hesabu kwamba mfanyakazi anayekaa kazini anajifunza kazi, na anayejifunza kazi anazalisha zaidi.

2. Kima cha kwanza Dar es Salaam

Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana katika shirikisho lililoitwa TFL, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Mwishoni mwa mwaka 1956 migomo ilizuka Dar es Salaam, na mwaka 1957 kima cha chini cha kwanza kisheria kikawekwa kwa ajili ya mji huo peke yake. Katika mashamba ya mkonge mapambano yaliendelea kwa njia ya migomo na ya mazungumzo kati ya chama cha wafanyakazi wa mashamba na chama cha wenye mashamba.

Tunapaswa kuona maana ya kisiasa ya jambo hili. Kudai mshahara na kudai uhuru vilikuwa vitu viwili vilivyotembea pamoja lakini havikuwa kitu kimoja. TANU ilidai uhuru kwa ajili ya wananchi wote, na wengi wao walikuwa wakulima. TFL ilidai mshahara kwa ajili ya watu ambao, hata wakihesabiwa wote, hawakuzidi sana 400,000. Kabla ya uhuru adui wa wote wawili alikuwa mmoja, kwa hiyo tofauti hii haikuonekana. Baada ya Desemba 9, 1961, ilibidi ionekane.

3. Mwaka 1963

Serikali mpya iliunda bodi ya kima cha chini kwa nchi nzima chini ya Donald Chesworth kutoka Uingereza. Mwaka 1962, mwaka wa kazi ya bodi hiyo, Waziri Mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, yuleyule aliyekuwa katibu mkuu wa TFL, na Waziri wa Kazi alikuwa Michael Kamaliza, aliyetoka pia katika uongozi wa shirikisho hilo. Basi mdai wa jana alikuwa ameketi katika kiti cha mwamuzi.

Kuanzia Januari 1, 1963, kima kipya kilikuwa Shs. 150/- kwa mwezi Dar es Salaam na Tanga, Shs. 125/- katika miji mingine iliyotajwa, na Shs. 100/- kwingineko. Mashamba ya mkonge, ambako mishahara ilipangwa kwa mapatano, nayo yaliingia katika mkondo huohuo wa kupanda. Sheria nyingine zilifuatana: ya mwaka 1962 kuhusu malipo ya mtu anayeachishwa kazi, na za mwaka 1964 kuhusu usalama wa ajira na kuhusu mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi.

Lakini mkono uliotoa ndio uliochukua. Mwaka huohuo wa 1962 sheria mpya ya migogoro ya kazi iliifanya migomo iwe vigumu sana kufanyika kihalali. Na baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa na NUTA ikaundwa, ikiwa chama kimoja cha wafanyakazi chini ya TANU, huku Kamaliza akiwa Waziri na papo hapo Katibu Mkuu wake. Tangu hapo mshahara haukuwa tena jambo la kushindania kati ya mfanyakazi na mwajiri. Ulikuwa jambo la kuamuliwa na Serikali. Tutaona mbele kwamba badiliko hili lilikuwa na matokeo makubwa kuliko nyongeza yenyewe.

4. Milango mitano ya mwajiri

Mwajiri anayelazimishwa kulipa zaidi ana milango mitano ya kutokea. Wa kwanza, kukubali faida ndogo. Wa pili, kupandisha bei. Wa tatu, kupunguza wafanyakazi. Wa nne, kuwaongezea kazi wale waliobaki. Wa tano, kuleta zana bora na mpango bora wa kazi ili kila mfanyakazi azalishe zaidi. Mwajiri hachagui mlango kwa wema au ubaya wa moyo wake. Anachagua kwa kuangalia mlango upi uko wazi.

Tuutazame mkonge. Mlango wa bei ulikuwa umefungwa, kwa sababu bei ya mkonge ilipangwa katika soko la dunia, wala mwenye shamba la Korogwe hakuweza kumwambia mnunuzi wa Ulaya kwamba mishahara imepanda Tanganyika. Mlango wa faida ulikuwa wazi kwa muda, kwa kuwa mwaka 1963 na mwanzoni mwa 1964 bei ya mkonge ilikuwa nzuri sana. Lakini wenye mashamba hawakuingia hapo peke yake. Waliingia milango ya tatu, ya nne na ya tano kwa pamoja. Vibarua ndio waliotangulia kukatwa. Kazi ya palizi ilipunguzwa. Kazi ya siku ya mkataji iliongezwa. Usafiri wa majani kutoka shambani hadi kiwandani ulipangwa upya. Uajiri wa kutoka mbali ukakosa maana, maana mtu wa kudumu anayejua kazi alikuwa na thamani kuliko manamba wapya kila mwaka.

Matokeo yalionekana katika hesabu za taifa. Watu walioajiriwa kwa mshahara nchini, ambao walikuwa yapata 400,000 wakati wa uhuru, walishuka hadi yapata 340,000 mwaka 1963. Sehemu kubwa ya upungufu huo ilitoka mashambani. Lakini mwaka 1964 nchi ilitoa mkonge zaidi ya tani 200,000, kiasi ambacho hakijafikiwa tena tangu miaka hiyo. Watu wachache walitoa mkonge mwingi zaidi.

Hapa ndipo pande zote mbili hupenda kukata historia kwa kisu na kuchukua kipande kinachowapendeza. Mwenye mali husema: tazameni, mshahara ulipopanda maelfu walipoteza kazi. Ni kweli walipoteza. Mtetezi wa mfanyakazi husema: tazameni, mshahara ulipopanda uzalishaji ulipanda pia. Ni kweli ulipanda. Historia nzima inasema kwamba mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Mfanyakazi aliyebaki alipata mshahara wa kulisha familia, na gharama yake kwa sehemu ililipwa na uzembe wa zamani wa mwenye shamba aliyekuwa akitumia watu wengi kwa sababu walikuwa rahisi. Sehemu nyingine ililipwa na kibarua aliyerudi kijijini mikono mitupu. Huyu wa mwisho hakuwa na chama cha kumsemea, na hata leo hana.

Kisha bei ikaanguka. Kuanzia mwaka 1964 na kuendelea, kamba za plastiki na mkonge wa Brazil vilibana soko. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba mkonge wa Tanzania uliuawa na kima cha chini. Usemi huo haupatani na tarehe. Mishahara ilipanda mwaka 1963 na uzalishaji ukafika kileleni mwaka 1964. Aliyegonga mlango baadaye ni soko la dunia. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba mshahara haukuwa na lolote. Shamba lililokuwa limeacha palizi na kuahirisha upanzi mpya ili kumudu gharama za mwaka huu, lilikuwa limekula mavuno ya miaka kumi ijayo, kwa sababu mkonge huchukua miaka kabla ya kukatwa. Kupunguza gharama kwa kuleta zana bora ni jambo moja. Kupunguza gharama kwa kuacha kupanda ni jambo jingine. Katika daftari la mwaka mmoja mambo hayo mawili yanafanana kabisa.

5. Mkulima anaingia katika hesabu

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilimleta Profesa H. A. Turner kuishauri Serikali juu ya mishahara, mapato na bei. Alichoonyesha ni kwamba tangu uhuru mishahara ilikuwa imepanda kwa kasi kubwa sana kuliko mapato ya mkulima, huku idadi ya walioajiriwa ikipungua. Serikali ilijibu kwa waraka wake namba 4 wa mwaka 1967: nyongeza za mishahara zisizidi kiasi cha asilimia 5 kwa mwaka na ziambatane na tija. Baraza la kudumu la kuamua migogoro ya kazi likaundwa mwaka huohuo ili kusimamia siasa hiyo.

Msomaji akumbuke kwamba huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Azimio lilitamka waziwazi hatari ya miji kuwanyonya wakulima, kwa sababu mikopo iliyojenga hospitali, barabara za lami na viwanda vya mjini ililipwa kwa fedha za kigeni zilizoletwa na pamba, kahawa na mkonge. Kwa mtazamo huo, kima cha chini hakikuwa tena suala la bepari na mfanyakazi peke yao. Mtu wa tatu alikuwa ameingia katika mizani, naye alikuwa ndiye mwenye nchi kwa wingi.

Siasa hiyo ilikuwa na uzito wake wa haki kwa sababu haikumbana mtu wa chini peke yake. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kukata mshahara wake kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wa juu ikapunguzwa pia. Katika tathmini yake ya mwaka 1977 alieleza kwamba tofauti kati ya mshahara wa juu na wa chini kabisa katika utumishi wa umma, baada ya kodi, ilikuwa imepungua kutoka 50 kwa 1 wakati wa uhuru hadi kama 9 kwa 1. Mfanyakazi huweza kuvumilia kuambiwa asubiri, ikiwa anayemwambia anasubiri pamoja naye.

6. Mwajiri anapokuwa Serikali

Baada ya mwaka 1967 mabenki, viwanda vikubwa na zaidi ya nusu ya mashamba ya mkonge viliingia mikononi mwa umma. Hapo swali letu lilibadilika umbo. Mwenye kupanga kima cha chini na mwenye kukilipa akawa mtu mmoja. Wengi walidhani kwamba ugomvi umekwisha.

Mei 1974, katika mwaka wa ukame na baada ya bei ya mafuta kupanda duniani, kima cha chini cha mjini kilipandishwa hadi Shs. 340/-, na mwaka 1975 hadi Shs. 380/-. Kikakaa hapo mpaka mwaka 1980 kilipofika Shs. 480/-, kisha Shs. 600/- mwaka 1981, na Shs. 810/- mwaka 1984. Ukizisoma tarakimu hizi bila kitu kingine utadhani maisha yalikuwa yanaboreka, maana katika miaka kumi mshahara ulizidi maradufu. Lakini kati ya mwaka 1974 na mwisho wa miaka ya 1980 uwezo wa kima hicho kununua vitu ulipungua kwa zaidi ya robo tatu. Tarakimu ilipanda, chakula kikashuka.

Ilikuwaje? Turudi kwenye milango mitano. Shirika la umma halikutakiwa kutafuta faida kwanza, kwa hiyo mlango wa kwanza haukuliogopesha. Mlango wa tatu ulikuwa umefungwa, kwa kuwa kuachisha watu kulikuwa kugumu kisheria na kubaya kisiasa. Mlango wa tano ulihitaji mashine na vipuri, na hivyo vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo, hasa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na vita dhidi ya Amin ya mwaka 1978 hadi 1979. Viwanda vingi vikafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake, vikiwa na wafanyakazi walewale. Ukabaki mlango wa bei, na tangu mwaka 1973 bei zilikuwa zinapangwa na Tume ya Bei kwa kuangalia gharama za mzalishaji. Shirika lililoonyesha kwamba gharama zake zimepanda liliweza kuomba bei mpya. Lililoshindwa hata kwa bei hiyo lilikopa benki ya umma, na benki ilikopeshwa na Benki Kuu.

Hivyo ukafunguka mlango wa sita ambao bepari wa mwaka 1963 hakuwa nao: hasara isiyo na mwenyewe. Mshahara ulilipwa kwa noti ambazo nyuma yake hapakuwa na bidhaa. Noti zikaongezeka, sabuni na sukari hazikuongezeka, basi sabuni na sukari zikahamia kwa walanguzi. Mamlaka za mazao nazo zilikata gharama zao kwanza ndipo zikamlipa mkulima kilichobaki. Mkulima alijibu kwa njia yake: alipunguza kulima pamba ya kuuza, au alivusha mazao mpakani usiku. Na mazao yalipopungua, fedha za kununulia vipuri vya kiwanda zilipungua tena. Duara likafungwa.

Mwaka 1984 ruzuku ya unga wa sembe iliondolewa, na papo hapo kima cha chini kikapandishwa kutoka Shs. 600/- hadi 810/-, yaani asilimia 35, ili kumfidia mfanyakazi. Lakini kufikia hapo mfanyakazi wa mjini alikuwa amekwisha kuacha kuutegemea mshahara. Alifuga kuku, mkewe alipika maandazi, watoto waliuza barafu. Ni jambo la kushangaza ukilitafakari: nchi iliyopinga mshahara wa kikoloni wa mtu asiye na familia ilifika mahali ambapo mshahara haukumtosha hata huyo mtu mmoja, na kwa mara nyingine mwanamke ndiye aliyejaza pengo bila kuandikwa katika daftari lolote. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi kuhusu mapato ya pembeni, kwa sehemu lilikuwa linaandika katika karatasi jambo ambalo tayari lilikuwa likifanyika katika kila uwanja wa nyumba.

7. Fundisho kwa leo

Tangu sheria za kazi za mwaka 2004, kima cha chini cha sekta binafsi hupangwa kwa kila sekta kwa ushauri wa bodi zenye wajumbe wa wafanyakazi, waajiri na Serikali. Maagizo yalitoka mwaka 2007, 2010, 2013, 2022 na 2025. Huo ni utaratibu bora kuliko tarakimu moja kwa nchi nzima, kwa sababu biashara hazifanani. Kada asiyeelewa tofauti hizo hataweza kuzungumza na mfanyakazi wala na mwenye biashara.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kiwanda cha kusaga nafaka ambacho mishahara ni sehemu moja katika kumi ya gharama zake, kikiongeza mishahara yote kwa theluthi moja, gharama zake zote zitapanda kwa kama asilimia 3. Kampuni ya ulinzi ambayo mishahara ni sehemu sita katika kumi, kwa nyongeza ileile gharama zitapanda kwa asilimia 20. Zaidi ya hayo, kampuni hiyo ina mikataba ya mwaka mzima yenye bei iliyokwisha kutiwa saini. Hapo agizo lilelile ni upepo mdogo kwa mmoja na dhoruba kwa mwingine. Tena michango ya hifadhi ya jamii, ya fidia kwa wafanyakazi na tozo ya ufundi stadi huhesabiwa kwa mshahara, kwa hiyo hupanda pamoja nao.

Lakini mwenye biashara naye anapaswa kuulizwa hesabu yake. Nyongeza ya kima cha chini haimhusu kila mfanyakazi. Inamhusu kwanza aliye chini ya kima kipya. Mwajiri anayesema kwamba mishahara yake yote imepanda kwa theluthi moja anakiri kwamba alikuwa akiwalipa wote kiwango cha mwisho kabisa ambacho sheria ilimruhusu. Na mwajiri ambaye kila baada ya miezi michache anafundisha mtu mpya kwa sababu wa zamani ameondoka, ana gharama ambayo haioni daftarini. Mwenye shamba la mkonge aliiona gharama hiyo mwaka 1963, baada ya kulazimishwa.

Kutokana na historia hii tunapata maswali manne ambayo kada hana budi kuyauliza kila nyongeza inapotangazwa.

Kwanza, ni mlango upi ulio wazi kwa biashara hii? Tukitaka mwajiri aingie mlango wa tija, lazima uwe wazi: umeme usiokatika, mkopo wa kununua mashine wenye riba inayolipika, mafunzo kwa wafanyakazi. Tukiiacha milango mingine yote imefungwa, tusishangae akiwapunguza watu.

Pili, nani anaangalia? Agizo bila afisa kazi anayefika dukani, hotelini na shambani ni karatasi. Tena linamwumiza mwajiri mwema, anayelipa kima halali huku jirani yake akilipa nusu na kuuza kwa bei ya chini.

Tatu, nani hayumo katika hesabu? Wananchi wengi wa Tanzania hawana mwajiri. Muuza mchicha, dereva wa bodaboda na mkulima wa mihogo hawaguswi na kima cha chini isipokuwa kwa bei wanazolipa na wateja wanaowapata. Mshahara wa mjini ukitumika kununua mchele wa Mbeya kwa bei nzuri, mkulima amepata sehemu yake. Ukiliwa wote na kodi ya pango, aliyepandishiwa mshahara ni mwenye nyumba.

Nne, nyongeza inalipwa kwa bidhaa au kwa noti? Hili ndilo fundisho zito la miaka ya 1974 hadi 1984, na linawahusu hasa watumishi wa umma, ambao mwajiri wao hana duka la kufunga. Nyongeza inayotokana na mapato halisi ya kodi hudumu. Nyongeza isiyo na mapato nyuma yake hurudishwa na mfanyakazi yuleyule, kidogokidogo, kila anapokwenda sokoni.

Wapo watakaosema kwamba kwa kuuliza maswali haya tunawapa silaha wanaowanyima wafanyakazi haki yao. Sivyo. Mfanyakazi wa mwaka 1963 alipata Shs. 150/- kwa sababu alikuwa amejipanga, na mfanyakazi wa mwaka 1980 alipoteza uwezo wa mshahara wake wakati ambapo hakuwa na chama huru cha kuuliza kwa nini. Haki ya mfanyakazi hailindwi kwa kufichwa hesabu. Inalindwa kwa yeye mwenyewe kuijua hesabu hiyo, kuishika mkononi, na kuketi nayo mezani mbele ya mwajiri na mbele ya Serikali. Kazi ya kada ni kumsaidia kuisoma, na kumkumbusha yule kibarua na yule mkulima ambao hawajapewa kiti.